Je, ninunue gemu zisizojulikana sasa, kabla hazijaadimika?

SWALI: «Shikamoo fundi. Mimi ni kijana wa miaka 28, nakaa Mombasa. Nimekulia kwenye vibanda vya gemu, na sasa nina mashine tatu za gemu, PS2, PS3 na Nintendo 3DS, zote za toleo la Ulaya kwa sababu aliyeniletea ni dada yangu anayeishi Leicester. Nina gemu kama 60, nyingi ni za mpira. Juzi nimeona gemu ya PS2 iitwayo Rule of Rose, ambayo sijawahi kumsikia mtu akiitaja, inauzwa kwa mamia ya dola. Nikawaza: gemu za PS3 na 3DS ambazo leo hazijulikani ni bei rahisi, kesho nazo zitakuwa hivyo. Dada amekubali kunitafutia kwenye maduka ya mitumba huko. Nafikiria kukopa shilingi 80,000 kwenye chama chetu ninunue nyingi kwa mkupuo, nizifungie miaka mitano, halafu niuze zile nisizozitaka. Halafu kuna zile nilizonunua kwenye duka la mtandaoni la 3DS, je, zitapotea? Nianzie wapi, na nitajuaje ipi itapanda bei?»

JIBU:

Marahaba, mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona ndani yake kuna watu wawili. Mmoja ni yule mtoto wa kibandani anayetamani gemu ambazo hakuwahi kuzishika. Mwingine ni mfanyabiashara anayetaka kununua kwa bei ya leo na kuuza kwa bei ya kesho. Wa kwanza nitamsaidia kwa moyo mmoja, na habari njema ni kwamba hajachelewa. Wa pili namwomba anisikilize kabla hajasimama kwenye kikao cha chama kuomba mkopo.

Tuanze na hiyo Rule of Rose iliyokushtua, maana ukielewa yaliyoipata umeelewa nusu ya habari. Ilitoka mwaka 2006, wakati PS2 inazeeka na PS3 iko mlangoni. Ni gemu ya kutisha, habari za msichana aliyeangukia mikononi mwa kundi la watoto wakatili, na mapigano yake ni mazito mno kuyacheza, kiasi kwamba wahakiki wengi hawakuipenda. Japani ilitolewa na Sony wenyewe. Marekani ikachukuliwa na kampuni ndogo zaidi, Atlus. Zogo lilizuka Ulaya. Magazeti na wanasiasa waliishambulia kwa mambo ambayo mengine hayakuwamo ndani yake hata kidogo, na dakika za mwisho toleo la Uingereza likafutwa. Ndiyo maana dada yako hataikuta kirahisi kwenye rafu za mitumba za Leicester: haikuingia madukani kule. Diski zilikuwa chache tangu mwanzo, wanunuzi wa kwanza wachache, na soko moja kubwa likafungwa kabisa. Miaka ikapita, watu wakaanza kusimuliana habari zake, na kila aliyeisikia akataka kuiona. Hapo ndipo wengi wakaanza kugombania chache.

Kwa hiyo bei ile imezaliwa na wazazi wawili, uchache na hamu. Mmoja akikosekana, bei haizaliwi. Kosa ninaloliona kila siku kwa wanaoanza ni kudhani kwamba gemu isiyojulikana ni gemu adimu, na kwamba iliyo adimu lazima itakuwa ghali. Ziko gemu nyingi tu zilizochapishwa chache na hakuna anayezitaka hadi leo. Zimekaa kwenye masanduku, bei yake ni ya chupa ya soda, na huenda zikabaki hivyo hivyo.

Umri nao haupandishi bei peke yake. Chukua E.T. ya Atari ya mwaka 1982. Hakuna kaseti yenye kisa kikubwa kuliko hiyo. Atari walichapisha mamilioni wakitegemea jina la filamu, nyingi hazikuuzika, na mwaka 1983 shehena ya bidhaa zao ilifukiwa kwenye jaa la mji wa Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 watu wakaenda kuzifukua mbele ya kamera. Pamoja na umri huo wote na umaarufu huo wote, kaseti ya kawaida ya E.T. bado ni ya bei ndogo, kwa sababu zilizobaki majumbani ni nyingi mno. Gemu zako za mpira ziko kundi hilo hilo. Pro Evolution na FIFA zilitoka kila mwaka, kila nyumba ilikuwa nazo. Zitunze kwa kumbukumbu za kibandani, maana hizo kumbukumbu zina thamani yake, lakini usizitegemee kulipa karo.

Sasa hamu inatoka wapi? Hapa ndipo penye ugumu, na mfano ninaoupenda ni gemu ya EarthBound. Ilitoka Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya mashine ya Super Nintendo, kwenye boksi kubwa lenye kitabu kizima cha mwongozo ndani, na matangazo yenye vipande vya kukwaruza ili vitoe harufu mbaya. Iliuzwa nakala kama 140,000 tu, na Nintendo wakaihesabu kuwa imeshindwa. Ulaya haikuletwa kabisa wakati ule. Mwaka 1999 ikatoka gemu ya kupigana, Super Smash Bros., na miongoni mwa wahusika waliosimama karibu na Mario na Pikachu alikuwamo mtoto mmoja mwenye kofia, Ness. Watoto wakaulizana: huyu ni nani? Jibu: ni shujaa wa EarthBound, kaseti ambayo miaka minne nyuma ilikuwa ikipunguzwa bei madukani. Niambie, mwaka 1996 ni nani angekwambia uinunue kwa sababu mtoto wa kofia atakuja kuwa maarufu kupitia gemu nyingine isiyohusiana nayo? Hakuna. Uchache unaweza kuuchunguza. Hamu ya watu wa miaka kumi ijayo huwezi.

Basi tuchunguze kinachochunguzika. Jambo la kwanza ninalolitazama ni gemu ilitoka lini katika maisha ya mashine yake. Zinazotoka mwishoni, mashine mpya ikiwa tayari madukani, huchapishwa chache kwa sababu muuzaji anaogopa kubaki nazo. Panzer Dragoon Saga ya mashine ya Sega Saturn ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1998, Saturn ikiwa inakata roho; ina diski nne ndani ya kasha, na leo ni miongoni mwa gemu ghali za mashine hiyo. Kwako wewe, hii inamaanisha kutazama kwa makini zilizotoka miaka ya mwisho ya 3DS na ya PS3, baada ya watu kuhamia kwingine.

La pili ni mfululizo. Gemu ikitolewa kwa sehemu, kila sehemu hupoteza wanunuzi njiani, na mchapishaji naye hupunguza idadi. Mfululizo wa .hack wa PS2 ulikuwa na sehemu nne. Ya kwanza, Infection, unaipata bila jasho. Ya nne, Quarantine, inauzwa ghali kupita zote, kwa sababu waliovumilia hadi mwisho walikuwa wachache, na kila mwenye tatu za kwanza leo anaitafuta ya nne ili hadithi imalizike. Ukiona mfululizo wa namna hiyo wa 3DS au PS3, nunua sehemu ya mwisho kwanza.

La tatu ni haki za umiliki. Gemu inayobeba muziki wa wasanii, magari ya kampuni au wahusika wa filamu ina mkataba nyuma yake, na mkataba una mwisho. Scott Pilgrim ilitolewa mwaka 2010 kwa kupakua tu. Mwishoni mwa 2014 ikaondolewa madukani, na kwa miaka sita hakukuwa na njia halali ya kuinunua mpaka iliporudi Januari 2021. Vilevile gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya umbo la mashine fulani, kama zile za 3DS zinazotumia skrini mbili na kalamu, ni kazi ngumu kuzihamishia kwenye mashine ya skrini moja. Hizo mimi huzipa uzito, kwa sababu hata mwenye haki akitaka kuzirudisha ana kazi ya kufanya.

Kuhusu wakati, uko sawa. Mashine hupitia kipindi ambacho ni kuukuu tu: si mpya ya kumtia mtu hamu, wala haijawa kumbukumbu. Wazazi wanazitoa, maduka ya mitumba yanazipanga kwa pauni chache. Kisha wale watoto waliozicheza wanakua, wanapata mishahara, na wanaanza kutafuta utoto wao. PS2 imeshaingia huko. PS3 na hasa 3DS zimo njiani, na 3DS imesogea haraka zaidi kwa sababu ya jambo uliloliuliza mwishoni, yaani kufungwa kwa duka.

Duka la mtandaoni la 3DS na la Wii U, mashine nyingine ya Nintendo, lilifungwa kwa wanunuzi tarehe 27 Machi 2023. Hili halikuwa la kwanza wala la mwisho: la Wii lilifungwa Januari 2019, la Xbox 360 Julai 2024. Sony nao mwaka 2021 walitangaza kufunga maduka ya PS3 na ya mashine zao za mkononi, Vita na PSP. Watu wakapiga kelele, wakarudi nyuma kwa PS3 na Vita. Kufungwa kwa duka la 3DS hakujafuta ulichonunua. Ulicholipia bado unaweza kukipakua tena, ila Nintendo hawakuahidi kwamba itakuwa hivyo milele. Gemu zile zimefungwa kwenye mashine yako. Ukinakili yaliyomo kwenye kadi ya SD na kuyaweka kwenye kompyuta, nakala hiyo itafunguka kwenye 3DS ile ile tu, si ya rafiki yako. Mashine ikifa, ndipo utakapoona tofauti ya kuwa na kaseti mkononi na kuwa na ruhusa ya kucheza.

Jambo hili linaniuma, na si kwa ajili ya bei. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ya Marekani ilichunguza gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010, ikakuta asilimia 87 hazipatikani tena sokoni kwa njia yoyote ya kawaida. Kazi za watu, miaka ya jasho, hazinunuliki isipokuwa kwa mitumba. Kwa hiyo mtu anayeokoa diski isiyojulikana kutoka kwenye sanduku la takataka, akaisafisha na kuicheza, mimi namheshimu. Wala usidhani kila kilicho kwenye kaseti au diski kimekamilika. Gemu nyingi za PS3 zilitoka na kasoro zilizorekebishwa baadaye kupitia intaneti, na marekebisho hayo yako kwenye seva, si kwenye diski. Siku hizi hali imezidi: kwa mashine ya Nintendo iitwayo Switch 2, iliyotoka Juni 2025, baadhi ya kaseti ni ufunguo tu, gemu yenyewe huna mpaka uipakue.

Turudi kwa mfanyabiashara. Tuseme umekopa hizo 80,000 ukanunua gemu 40 kwa wastani wa shilingi 2,000, tukihesabu na usafirishaji. Kwa uzoefu wangu, katika 40 zisizojulikana, zitakazopanda kwa maana ya kupanda ni chache sana, na pengine hata moja isipande. Hizo zilizobaki hazitakurudishia hata nauli. Na hizo chache, mnunuzi wake yuko wapi? Hayuko Mombasa. Yuko Ujerumani, Ufaransa au Marekani, na kumfikia kuna makato ya soko la mtandaoni, posta ya kimataifa, na mtu anayesita kumtumia pesa muuzaji wa mbali asiyemjua. Wakati huo mkopo wa chama unadai kila mwezi, na wanachama wenzako ni majirani zako. Usikope. Sisemi hivi kwa kukuogopesha. Nimewaona vijana waliouza mashine zao walizozipenda ili kulipa deni la gemu walizonunua kwa kubahatisha.

Kuna hatari nyingine pia: kampuni inaweza kuamka asubuhi na kuitoa gemu upya. Suikoden II ya PS1 ilikuwa mfano wa gemu isiyoshikika kwa bei. Desemba 2014 ikawekwa kwenye duka la PlayStation kwa bei ya kawaida, na Machi 2025 ikarudi tena ikiwa imerembwa upya. Kwa mpenzi wa gemu hiyo ni siku ya furaha. Kwa aliyeifungia diski kabatini akingoja wateja, inategemea. EarthBound iliwekwa kwenye duka la Wii U mwaka 2013 na kaseti yake bado ni ghali, kwa sababu wapo wanaotaka kaseti yenyewe. Nyingine hushuka. Hakuna kanuni.

Na usivutwe na habari za mamilioni. Julai 2021 nakala ya Super Mario 64 ambayo haijafunguliwa iliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.56. Gemu hiyo ilichapishwa nakala milioni nyingi. Kaseti iliyotumika ni ya kawaida kabisa. Kilichouzwa pale ni nailoni ambayo haijachanwa na alama ya ubora iliyotolewa na kampuni ya kupima, katika msimu ambao pesa zilikuwa zinatafuta pa kwenda. Hilo ni soko jingine, na mimi na wewe hatumo.

Ninachokushauri ni hiki. Andika majina ya gemu kumi ambazo ungezicheza hata kama zingebaki na bei ya leo daima. Tenga kiasi kidogo kila mwezi, kile ambacho kikipotea hakuna atakayelala njaa. Mpe dada orodha hiyo, na umpe na uhuru kidogo: akikuta kitu cha pauni mbili ambacho hakukijua, kimetoka mwishoni mwa maisha ya mashine, akichukue. Raha ya kukusanya iko hapo. Mwambie pia aangalie matoleo. 3DS ya Ulaya inasoma kaseti za Ulaya peke yake, na PS2 isiyochipuliwa, yaani isiyotiwa chipu ya kuondoa kizuizi hicho, vivyo hivyo. Asikununulie za Marekani au Japani. PS3 karibu zote zinaingiliana, isipokuwa moja mbili, kama Persona 4 Arena.

Sasa shika diski mkononi, tufundishane kuikagua, kwa sababu hapa ndipo pesa zinapookolewa. Watu hugeuza diski, wakaona mikwaruzo chini, wakaikataa. Wanatazama upande usio sahihi. CD, kama za PS1 na zile za PS2 zenye mgongo wa buluu, ina plastiki yenye unene wa milimita 1.2, na tabaka linalong'aa kama fedha, lenye data, liko juu kabisa, chini kidogo tu ya picha. Mkwaruzo mdogo wa chini unaishia kwenye plastiki. Mkwaruzo wa juu, upande wa picha, unang'oa data yenyewe, na hakuna fundi atakayeirudisha. DVD, ambazo ndizo gemu nyingi za PS2, zimebanwa katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6, hivyo data imelindwa pande zote. Diski hizi mbili zikikwaruzika chini zinaweza kusuguliwa kwa mashine na zikapona. Blu-ray za PS3 ni kinyume: data iko milimita 0.1 tu kutoka upande wa kusomea, imefunikwa na ngozi ngumu. Haikwaruziki kirahisi, lakini ikishakwaruzika kwa kina haisuguliki. Ukisugua unaimaliza.

Ishike kwa kingo, nenda dirishani mchana, uinue kati ya jicho lako na mwanga. Ukiona vitobo vidogo vinavyopenyeza mwanga kama nyota, au madoa ya rangi ya kahawa yanayoanzia ukingoni kuelekea ndani, tabaka lenye data limeanza kuoza. Hewa imeingia. Hata ikicheza leo, usiilipie bei ya nzima. Mwombe dada afanye hivyo hivyo kabla hajatoa pauni yake, haichukui nusu dakika.

Kwa kaseti, adui ni feki. Za 3DS hazijaghushiwa sana, lakini ukivutwa kwenye mashine ya zamani ya Game Boy Advance, na utavutwa, kaa macho. Niliwahi kumlipa muuzaji mmoja bei kamili ya Pokémon Emerald, picha zikiwa safi. Ilipofika, ganda lake la kijani lilikuwa jepesi mkononi na wino wa lebo umefifia pembeni. Kaseti halisi ukiitazama kwenye lebo, ukiigeuzageuza kwenye mwanga, utaona tarakimu mbili ndogo zilizokandamizwa kwenye karatasi bila wino. Ukichungulia sehemu ya meno ya shaba, juu yake kwenye bodi limeandikwa Nintendo. Ile yangu haikuwa na kimojawapo. Siku hizi nisipotumiwa picha ya meno na ya lebo kwa karibu, silipi.

Kaseti za zamani zina betri ndani. Game Boy na Super Nintendo nyingi huhifadhi ulipofika kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme usiku na mchana, unaotoka kwenye betri bapa kama sarafu, CR2032, CR2025 au CR1616. Betri ikiisha, gemu inacheza lakini haihifadhi tena. Hilo si ugonjwa wa kufa. Ni betri ya bei ndogo na risasi kidogo ya kulehemu. Ila siku inapotolewa, kilichohifadhiwa kinafutika. Mtoto aliyelea Pokémon wake miaka 20 iliyopita aambiwe kwanza.

Na sisi wa pwani tuna adui wetu wa pekee. Mwaka 2012 nilifungua sanduku la bati nililokuwa nimeweka gemu zangu za PS1 kwa miaka miwili, nimelifunga vizuri, najiona nimezilinda. Harufu ilinipokea kabla sijaona. Vijitabu vilikuwa vimeota ukungu, kurasa zimeshikana, na pini zake zimeacha mstari wa kutu katikati ya picha. Diski tatu zilikuwa na utando mweupe. Nilikuwa nimefungia unyevu ndani. Kwa hiyo huo mpango wako wa kuzifungia miaka mitano, hapo Mombasa, uuache. Ziweke kwenye kabati linalopitisha hewa, zisimame wima kama vitabu, mbali na ukuta wa nje na jua la dirisha. Vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, usivitupe, vitie kila rafu na uvibadilishe. Kila baada ya miezi michache toa, fungua, futa kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda ukingoni. Maboksi ya karatasi yainue kutoka sakafuni. Mchwa na mende wanaipenda gundi yake kuliko tunavyoipenda gemu. Meno ya kaseti yasafishe kwa spiriti na pamba ya masikio, si kwa kupuliza, maana mate yana chumvi.

Yapo mambo ambayo jibu langu halitoshi, na inabidi umwone mtu. Betri ya 3DS ikivimba mpaka kifuniko cha nyuma kikapanda, izime, usiichaji, usiitoboe, ipeleke kwa fundi wa simu mwenye mkono mzuri siku hiyo hiyo. Kubadilisha betri ya kaseti kama hujawahi kushika chuma cha kulehemu, mpe fundi, na usimame umtazame. Ukiona kitu cha zaidi ya mshahara wa wiki, usikinunue kwa picha. Kitazamwe na mtu anayejua, kifunguliwe mbele yake, kichezwe. Na kabla dada hajatuma boksi zima, zungumza na wakala wa forodha hapo Mombasa kuhusu ushuru na VAT. Gemu tano ndani ya begi la mgeni ni jambo moja, katoni ya gemu 40 ni jambo jingine, na wengi hulijua hilo wakishafika dirishani.

Lakini hayo yote yanaweza kusubiri. Usiku wa leo chomeka 3DS yako kwenye chaji, ingia kwenye orodha ya gemu ulizowahi kununua, uanze kuzipakua zote moja moja. Kadi ikijaa, nunua kubwa zaidi, kisha nakili yaliyomo kwenye kompyuta.